Kwa Mama Yetu Msusi, Aliyefungiwa Chumba cha Kusalia

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha, na bado upepo ukisukuma mlango wa saluni tunageuka kutazama kama ni wewe. Watu wametushauri kwamba tangazo la kumbukumbu liwe fupi na la upole. Kwenye ufupi tutajitahidi.

Tunaikumbuka mikono yako kwanza. Ulisuka huku unaongea, macho yako barabarani, na mistari ikatoka imenyooka. Mtoto akianza kulia ulimwambia, "Pole mama, bado kidogo," na bado kidogo yako iliweza kumaliza alasiri nzima.

Ulitundika pazia kwenye kona ili wanaojifunika wasukwe bila kuonwa na wapita njia. Mke wa mchungaji alikaa upande huu wa pazia, mke wa ustadhi upande ule, na wote wawili walikuwa wakimsengenya mtu yuleyule. Mabishano ya dini yakizuka uligonga kitana kwenye kiti. "Inamisha kichwa," ukasema. "Hapa kwangu kila dhehebu linainamisha kichwa." Wakacheka, kazi ikaendelea.

Mwenyewe ulisali kivyako. Nyumba yetu iliwashangaza watu: Baba anakwenda msikitini, mimi bintiyo mkubwa naimba kwaya, mdogo wangu wa kiume haamini chochote na wala hafichi, na wewe ukaishia kwa hawa wanaoitwa mtaani Watu wa Kimya. Hawana mhubiri, hawana kengele wala ngoma. Jumatano alasiri mliingia chumba cha nyuma ya saluni, mkakaa kwa duara, mkanyamaza, mkapeana mikono, mkaondoka. Hukumvuta yeyote kati yetu. Siku moja mdogo wangu alikutania, "Mama, ibada hiyo mbona hata mimi naifanya nikilala?" Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Wewe unakoroma, mwanangu," ukamjibu. "Hutufai."

Sasa tuseme linalotukera, maana tumelibeba rohoni mwaka mzima na limetuchosha.

Chumba kile kililalamikiwa kwamba kina kelele. Kelele! Kanisani kwetu tuna spika kubwa kama kabati. Msikitini kuna vipaza sauti. Hakuna aliyetugusa, na hatutaki mtu aguswe. Ila walioonekana kero ni watu wanaokaa kimya. Ulipokwenda ofisi ya mtaa kuuliza, tulikuwa nawe. Afisa alikupa kiti vizuri tu, akakuita mama, halafu akasema majirani wana wasiwasi: watu wanaonyamaza kiasi kile wanapanga nini?

"Nimevunja sheria gani, baba?" ukamuuliza.

"Si suala la sheria, mama yangu. Wengi hawaitaki dini hiyo."

"Wengi tunawahitaji kwenye uchaguzi. Mimi sikuja kugombea. Nataka kusali."

Akatabasamu, akakwambia watalifanyia kazi. Kesho yake tukakuta kufuli mlangoni, na viti vyenu vimefungiwa ndani.

Tunawajua waliolalamika. Uliwasuka. Binti zao walipoolewa uliamka alfajiri ukawasuka bila kuuliza bibi harusi anasali wapi. Tunalisema hili kwa hasira na hatuombi radhi kwa mtu. Unamkabidhi mwenzako kichwa chako, anakupendezesha, unatoka hapo unakwenda kumshtaki kwa namna anavyomwomba Mungu wake. Hivi mnajitazamaje kwenye kioo?

Ugonjwa ulipokuzidi uliomba jambo moja tu: ukakae na wenzako ndani ya chumba kile, hata mara moja. Tulihangaika. Ofisi hii inasema nendeni ile, ile inasema mkubwa hayupo. Ukaondoka bila kukaa. Wenzako walikuja wodini, wakazunguka kitanda chako, wakanyamaza, na muuguzi akawa anapita kwa kunyata. Kuna wanaotufariji kwamba hiyo ilitosha. Haikutosha.

Katika nchi hii hakuna aliyepewa kazi ya kupima imani ya mwenzake. Katiba tuliyosomeshwa shuleni inasema kila mtu ana uhuru wa kuabudu, na wa kutoabudu pia. Haikuongeza kwamba ilimradi majirani wapende. Baba, ambaye hata siku moja hakukubaliana nawe kuhusu sala, amekuwa akimwambia kila anayekuja kutupa pole: wakiweza kufunga chumba cha mke wangu kwa sababu watu wake ni wachache, basi msikiti wangu uko wazi kwa hisani yao tu. Na kuna mitaa ambako sisi wa kanisani au wa msikitini ndio wachache.

Mwezi uliopita afisa alituita. Alikuwa mchangamfu kweli.

"Nyinyi si wa dini ile," akasema. "Tieni sahihi hapa kwamba hamhusiani nayo, na kwamba marehemu alipotoshwa. Mchukue ufunguo wenu, mfanye stoo, mambo yaishe."

Baba alivaa miwani, akaisoma karatasi polepole, akairudisha mezani.

"Mzee mwenzangu," akamwambia, "mimi nilijaribu kumgeuza yule mwanamke miaka yote ya ndoa yetu. Angekuwa mtu wa kupotoshwa, si ningemweza mimi? Alichagua mwenyewe. Sitii sahihi uongo."

Tukatoka bila ufunguo. Shauri sasa tumelifikisha mahakamani, na wanasheria wametuambia tuwe na subira. Tunayo, ila haina adabu sana.

Kwa sasa, kila Jumatano tunafunga saluni mapema, na wenzako wanakaa humohumo, kwenye viti vya wateja, katikati ya vioo na chupa za mafuta ya nywele. Mdogo wangu ndiye anayekaa mlangoni. Watu wanamuuliza, wewe huna dini, unalinda nini hapo? Anawajibu kwamba anamlinda mama yake.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado anabishana nawe akiwa peke yake jikoni. Na mimi binti yako, pamoja na mume wangu. Na mwanao wa kiume. Na dada yako, ambaye aliacha kukutembelea kwa sababu ya imani yako na sasa analia kuliko sote. Na wasusi wenzako wa saluni. Na Watu wa Kimya, ambao wameomba wasiandikiwe maneno.

Hatusali kama ulivyosali, Mama, na hatutajifanya kwamba tunasali hivyo. Lakini siku zote tutakukumbuka, na hatutakukana.