Mikono ya Lorine

Jumanne, 14 Oktoba 1997. Asubuhi, manyunyu.

Rafiki yangu Leonida, nakuandikia haraka. Askari amemwelekezea Lorine wangu bunduki! Hapa sokoni Macalder!

Yeye na wenzake walikuwa wanatafuta mwizi wa dhahabu. Akamwuliza Lorine, "Umeona mtu akikimbia?" Lorine akainamisha macho, akaweka mikono nyuma, vile nilimfundisha kuheshimu wakubwa.

"Umeficha nini? Toa mikono!"

Akazidi kuificha. Bunduki ikainuka. Bunduki, Leonida! Mtoto wa miaka tisa!

Nikapiga kelele, "Afande, hiyo ni heshima!"

Akaishusha. "Heshima gani hii, mama?"

Lorine akalia: "Mama, ulisema nikitoa mikono mbele ya wakubwa utanichapa."

Nikapiga magoti matopeni. Nikasema, askari na wauza samaki wote wakisikia: "Mwanangu, naahidi mbele za Mungu, sitakuchapa kwa hilo tena."