Jumapili Ile Baba Yako Alikuwa Kwangu

Wodi ya Wanaume,
Hospitali ya Misheni,
Nkubu, Meru.
12 Machi 1958

Mpendwa mpwa wangu Rwamba,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku mlimani, ambako bado tunaisubiri mvua. U hali gani huko Kampala? Masomo ya ukunga yanaendeleaje, na kile kikohozi ulichokitaja mwezi wa Januari kimekuacha? Ule vizuri, wala usisome ukiwa na njaa.

Kuhusu mimi, sitakuficha. Kifua kimeshindwa. Sista anayenihudumia husema nitapona, lakini husema hivyo huku akitazama dirisha. Ninaandika mistari michache, ninapumzika, kisha ninaendelea. Ukiona mwandiko umebadilika, ujue nilikuwa nimelala.

Mama yako Kathambi ni mzima. Huja kila siku saa kumi na uji wa wimbi, hunilisha na kunisimulia habari za migomba na majirani. Dada yangu ananitendea wema nisioustahili, na sababu ya kutoustahili ndiyo inayonifanya nikuandikie leo.

Utaikumbuka gramafoni yangu ya kuzungusha kwa mkono, niliyoachiwa na mwalimu mkuu Mskoti aliporudi kwao. Nilipokuwa nafundisha karibu na Embu, tulikutana kwangu kila Jumapili baada ya ibada, watu watatu: mimi, baba yako Ndwiga, aliyekuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, na karani mmoja Mgoa wa ofisi ya barabara. Watu wengine walikutana kwa pombe ya miwa. Sisi tulikutana kwa muziki wa kale wa Wazungu, wa fidla, selo na piano, na raha yetu kubwa ilikuwa kubishana.

Yule karani alikuwa na santuri nyingi. Mara nyingine kipande kimoja alikuwa nacho mara mbili, kimepigwa na watu wawili tofauti, na hapo ndipo vita vilipoanza. Huyu anakimbia mno, huyu anajiburuta. Huyu analia, huyu anajisifu.

Kulikuwa na kipande kimoja cha selo peke yake, bila chombo kingine. Santuri niliyoipenda mimi ilikuwa mpya na safi, mpigaji akienda haraka bila kosa hata moja. Aliyoipenda baba yako ilikuwa kuukuu, imejaa mikwaruzo, na mpigaji wake alikuwa mzee ambaye ukitulia unamsikia akivuta pumzi. Nilisema huo ni uvivu. Yeye alisema, "Muthoni, huyo wako anasoma. Wangu anazungumza."

Aliniita muthoni kwa kuwa mimi ni shemeji yake, na unajua desturi yetu: muthoni ni mtu wa kuheshimiwa, hataniwi wala hachekwi. Sisi wawili tuliivunja desturi hiyo kwa ajili ya muziki, na mimi ndiye niliyeanza.

Tulibishana hata juu ya sindano. Mimi nilitumia za chuma. Yeye alisema chuma kinaikwangua santuri na kuifanya selo ilie kama bati, basi akatumia miiba ya mgunga. Aliifuata kule chini Mbeere, akaichagua mmoja mmoja, akaikausha juu ya moto na kuichonga kwa wembe. Nilimwuliza kama kwao hata nguo hushonwa kwa miiba. Hakukasirika. Baba yako si mtu wa kukasirika.

Sasa nafika mahali pagumu.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Mei, 1954. Hali ya Hatari ilikuwa imekaza, na kukutana nyumbani bila kibali kulitosha kumfungisha mtu. Karani alikuwa likizoni kwao, santuri zake ametuachia. Ingefaa nasi tuache, lakini hatukuacha. Baba yako alifika saa nane mchana, akiwa ametoka Mbeere asubuhi, na miiba mipya ameifunga kwenye kitambaa.

Nilikuwa nimejigamba kwamba naweza kuitambua santuri yangu nikiwa nimefumba macho. Basi Ednah, mke wangu, akatundika blanketi katikati ya chumba, na baba yako akakaa nyuma yake na gramafoni. Akapiga ya kwanza, kisha ya pili. Ya pili ilinishika moyo. Nikasimama.

"Hiyo! Hiyo ndiyo yangu. Sikieni mtu anayeijua kazi yake."

Ednah akaliangusha blanketi. Ilikuwa santuri kuukuu ya baba yako, ikipigwa kwa mwiba.

"Karibu, muthoni," akasema. "Umechelewa, lakini hatukufunga mlango."

"Mwalimu ameanguka mtihani!" Ednah akasema huku akijipangusa machozi ya kicheko. "Arudie darasa, tena akae mbele!"

Nami nilicheka, lakini kwa meno tu. Mwalimu aliyefundisha miaka ishirini na mitano, kuchekwa nyumbani kwake na mume wa dada yake! Alipoondoka saa kumi na moja, sikumpa mkono.

Sikujua kwamba alasiri ile ile watu walikuwa wameapishwa bondeni, upande wa Mbeere. Homgadi, wale walinzi wa vijiji wa serikali, walimkamata baba yako njiani, wakamkuta na ile miiba. Siku hizo ilijulikana kwamba miiba hutumika katika viapo vya kuipinga serikali.

Jumatatu asubuhi walimleta shuleni mikono imefungwa. Afisa Mzungu aliimwaga miiba juu ya madaftari ya darasa la nne. Baba yako aliponiona, uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyefika nyumbani.

"Mwulizeni muthoni," akasema. "Jana nilikuwa kwake. Hiyo ni miiba ya gramafoni."

Afisa akaniuliza kama ni kweli.

"Mimi hutumia sindano za chuma, bwana," nikasema.

Baba yako alitabasamu. Alidhani naendeleza ubishi wetu. "Haya, muthoni, umeshinda. Sasa mwambie."

"Na jana alasiri?" afisa akauliza.

"Jana nilikuwa nasahihisha madaftari."

Lile tabasamu lilibaki usoni mwake muda kidogo, kama kwamba hakuna aliyeliambia liondoke. Wakamchukua.

Niliogopa, Rwamba. Niliogopa kufukuzwa kazi na kufungwa kwa ajili ya mkutano bila kibali. Lakini kama ingekuwa woga peke yake, labda ningepata usingizi. Nilipotamka yale maneno ya sindano za chuma, yaliyokuwa kweli yenyewe, nilihisi utamu. Kwa muda wa pumzi moja nilijiona nimelipiza. Ni haya hiyo ninayokufa nayo.

Kisha nikakuandikia wewe kwamba baba yako amepotoka. Ukanijibu kwamba barua zake kutoka kambi ya kizuizini unazirudisha bila kuzifungua, nami nikakusifu. Nilikuambia una msimamo. Tafadhali usijichukie kwa hilo. Mkono uliozirudisha ulikuwa wangu.

Mama yako naye amebaki na maumivu ya namna nyingine. Alijua mumewe si mtu wa viapo, na mimi nilikuwa nimesema hakuwa kwangu. Basi akaona limebaki jambo moja tu, kwamba alikuwa na mwanamke kule Mbeere. Amelinyamazia jambo hilo miaka minne, na mimi nimemwona akilinyamazia.

Kambini wanaokiri kiapo hupelekwa hatua kwa hatua mpaka nyumbani. Baba yako huulizwa, hujibu kwamba hakuapa, kwamba alikuwa akisikiliza muziki kwa shemeji yake. Kwa jibu hilo wanamhesabu miongoni mwa wakaidi. Angesema uongo mara moja, kama nilivyosema mimi, angekuwa amelala kwake.

Ednah alinisihi niende kwa Bwana DC. Nilimkataza kufungua mdomo. Unajua alifariki mwaka jana. Usilojua ni kwamba siku zake za mwisho alikataa nimshike mkono.

Jana nilimwita Padre na katekista Mutugi. Mbele yao nimeandika yote, saa na mahali, nikatia sahihi, nao wakatia zao. Mutugi ameondoka na karatasi hiyo asubuhi kuipeleka Embu kwa Bwana DC. Nakala imo ndani ya bahasha hii. Sijui kama watamwamini mtu aliyenyamaza miaka minne. Wasipomwamini, tafuta wakili huko, mwonyeshe nakala, wala usimwonee haya mjomba wako. Soma jina langu kwa sauti.

Mama yako sijamwambia. Atakuja leo saa kumi, na nitamwambia kabla sijapokea chochote mkononi mwake. Barua hii nampa Sista aipeleke posta kabla ya saa hiyo, kwa sababu najijua. Nikiuona uso wa dada yangu nitatafuta siku nyingine, na siku nyingine sina.

Ndugu yako Kithaka anakusalimu. Amekuwa mrefu kuliko mimi. Msalimie Kawira wa Mikinduri unayesoma naye, umwambie wazazi wake hawajambo. Wasalimie na walimu wako.

Barua ya mjomba kwetu hufungwa kwa baraka, na wewe umeomba yangu kwa mtihani wako wa Juni. Nimejaribu kuiandika mara tatu na kuifuta. Mungu akulinde Yeye mwenyewe. Baraka ya mzee, iombe kwa baba yako. Anwani yake ya kambini nimeiandika nyuma ya nakala.

Usinijibu mimi kwanza. Kama una stempu moja tu, ni yake.

Akupendaye, na akuoneaye haya,
Mjomba wako,
Mwirigi