Ngoma ya Mwali Bila Mwali

Jumatatu, 4 Agosti
Mazoezi tena. Uwanja wa shule, Mikumi, vumbi mpaka kwenye meno. Mimi sichezi, ni mkalimani, eti Kiingereza changu kizuri. Naongea kama mbu lakini Madamu, mwalimu wetu, hataki visingizio. Wachina wa kikundi cha ngoma wako kumi na wawili. Ijumaa watacheza kwenye uzinduzi wa ukumbi uliojengwa na kampuni ya kwao. Kiongozi wao, dada Lin, anawafundisha kutabasamu huku wameng'ata kijiti cha kulia wali. Kikianguka, wanarudia.

Jumanne, 5 Agosti
Lin kaniambia wanacheza ngoma za makabila mengi ya kwao, na wengi wao si wa makabila hayo. Kila moja dakika tatu, uso kwa wakubwa. Ya bibi yake pia imo. Bibi yake aliicheza msibani, akilia. Jukwaani imetiwa tabasamu. Nikamuuliza, sasa unaicheza ya nini? "Ndiyo kazi."
Wanataka na ya kwetu moja, ya urafiki. Madamu kamtaja Bibi yangu. Nimechukia.

Jumatano, 6 Agosti
Bibi kaja toka Kisanga na wenzake, na ngoma zao. Wachina wakaimba "Shikamoo!" kama darasa la kwanza. "Marahaba wanangu. Mbona wembamba hivi, ugali hamli?" Bibi na wenzake wakawaonyesha ngoma kadhaa, na ya kumtoa mwali ndani pia, watazame tu. Lin akaipenda hiyohiyo.
Bibi akaniambia kwa Kisagara, Madamu hakijui, "Mwambie hapana. Hii haichezwi bila mwali. Nyingine zote nawapa."
Wote wakanitazama. Madamu alishaiandika kwenye ratiba. Nikasema kwa Kiingereza kwamba Bibi amekubali. Nikamgeukia Bibi nikasema wameelewa.
Mwoga mimi. Mwoga kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti
Siwezi kula. Bibi karudi Kisanga, wao wamejifunza upesi kwa video ya jana, inaudhi. Nikamweleza Lin kwamba mwali huinamisha kichwa, hacheki. Akasema jukwaani haiwezekani, mgeni rasmi lazima aone uso. Hapo ningesema ukweli. Nikasema tu, sawa.

Ijumaa, 8 Agosti
Wamecheza. Mwali wa hariri nyekundu, kichwa juu, meno yote nje. Vigelegele ukumbi mzima. Mama mmoja nyuma yangu: "He! Hawa wanaweza kuliko nyie!" Bibi alikuwa safu ya tatu. Hakupiga makofi.
Ilipoisha akamfuata Lin nje, akamshika mkono, akaniita. "Muulize. Mimi nilimkatalia, au sikumkatalia?"
Nikauliza. Lin akashangaa. Akasema, "Alikubali. Wewe ndiye uliyeniambia."
Bibi akasubiri. Hiyo niliitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Lin akatutazama mmoja mmoja, akaelewa. Mara ya kwanza nimemwona bila tabasamu. Akainama mbele ya Bibi, chini kabisa. Bibi akamwinua, akamwambia, "Wewe huna kosa, mwanangu." Hiyo nayo nikaitafsiri.
Najichukia.

Jumapili, 10 Agosti
Kisanga. Nimemwamkia Bibi. Kaitikia marahaba. Ametenga ugali na mlenda.
Tangu nizaliwe Bibi anaongea nami Kisagara. Leo kasema, "Karibu chakula," kwa Kiswahili safi, kile anachowaambia wageni.
Nikasema asante. Nikanawa mikono, nikala.