Kurasa Zilizogandana

Ikonge, Nyamira
Alhamisi, 12 Juni 2025

Dada yangu mpendwa Cynthia,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi ya chai. Shemeji hajambo? Na mtoto, kile kikohozi kimemwacha? Nawaza pia habari ya biashara yako pale soko la Daraja Mbili, maana mvua hizi hazimwachi mtu kutandaza nguo. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio siwezi kuusemea.

Ningekupigia simu, lakini chumba changu na cha mwenye nyumba vinatenganishwa na mbao tu, na mwenye nyumba ni dada yake Mzee Obwocha, mtu utakayemsikia sana humu. Kwa hiyo nimeandika, na bahasha nampa Mwalimu Omosa anayeshuka Kisii kesho. Anadhani ni vipimo vya sare. Ukimaliza kusoma usimpe mtu. Nina hofu kwa ajili ya mtoto mmoja wa darasa langu, na tangu jana hofu hiyo imeingia hadi nyumbani kwetu Suneka.

Unajua niliajiriwa na bodi ya shule muhula huu nikisubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Nilipewa Kiingereza cha gredi ya nne. Nilikuwa najua kusoma, lakini kufundisha mtu kusoma sikujua, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba hayo ni mambo mawili. Nikafanya kama tulivyofanyiwa sisi: nasoma mstari, wanaitikia pamoja mpaka mabati yanalia. Omosa akipita dirishani aliniuliza kama hilo ni darasa au kwaya, na kama ni kwaya, mimi naimba sauti ya ngapi.

Katika kwaya hiyo alikuwako Natasha, binti wa Mzee Obwocha. Baba yake ni mkulima wa chai, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa bodi yetu. Natasha alisoma kitabu kama maji yanayoteremka. Kanisani pia ndiye anayesifiwa. Sabato ya kumi na tatu, watoto wanaposimama kusema mafungu yote ya Biblia waliyojifunza kwa miezi mitatu, yeye hayaachi hata moja huku wenzake wakitazama viatu vyao. Nilimfanya kiongozi wa kusoma. Nilipochoka, nilimwachia darasa zima.

Shajara yangu inaonyesha ilikuwa Jumanne, tarehe 13 Mei. Natasha alikuwa mbele akisoma habari ya familia iliyokwenda sokoni. Kitabu kilikuwa kimemwagikiwa uji, na kurasa mbili zilikuwa zimegandana. Akazifunua kwa pamoja bila kujua, akaendelea. Nilikuwa nyuma ya bega lake. Kidole chake kilikuwa chini ya picha ya kuku, lakini maneno yaliyomtoka yalikuwa ya mama anayepatana bei ya ndizi, maneno ya ukurasa uliofichika ndani. Hakuna mtoto aliyecheka. Hakuna aliyegundua, kwa sababu wao pia hawakuwa wakitazama vitabu.

Kesho yake niliandika ubaoni maneno yale yale ya kitabu, ila niliyapanga upya. Wachache tu walijaribu. Natasha alitazama ubao, kisha akanitazama mimi, akaona kwamba nimeona.

Saa ya chakula alinifuata kwenye tangi la maji. Alinisihi nisimwambie baba. Alieleza kwamba kaka yake Ian alikuwa akikisoma kitabu hicho kwa sauti kila jioni, na yeye akisikia jambo mara moja au mbili, halimtoki tena. Alipiga magoti, nikamwinua haraka watu wasione.

Tukaanza kukutana saa za chakula katika stoo ya majembe. Mwanzoni nilishindwa kabisa. Sauti za herufi za Kiingereza zilimpita tu, maana hakuwa na neno la kuzifungia. Ndipo nikajaribu Ekegusii. Shule hii, mtoto akikamatwa akisema Ekegusii huvishwa kibao shingoni mpaka jioni, kwa hiyo nilifundisha kwa kunong'ona, mgongo nimeuegemeza mlangoni. Niliandika chinsaga. Akaisoma silabi kwa silabi, akashika mdomo, akacheka, akaniuliza kama mboga za nyumbani zinaruhusiwa kuandikwa. Siku nyingine akasoma obokima, yaani ugali, halafu jina la ng'ombe wao. Polepole tukavuka kwenda Kiingereza, neno fupi baada ya neno fupi. Nilikuwa na furaha, dada, lakini furaha ya mwizi. Kila nyayo zilipopita nje niliacha kunong'ona.

Jumanne ya wiki iliyopita Mwalimu Mkuu, Bwana Angwenyi, aliwatangazia wazazi kwamba maofisa wa elimu watatutembelea tarehe 18. Mzee Obwocha akasimama palepale akasema binti yake atawasomea, tena si kitabu cha shule, bali chochote watakachokuja nacho mkononi, ili wajue huku Ikonge kuna watoto. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Kesho yake Natasha hakuja, wala siku iliyofuata. Nyumbani walidhani yuko shuleni. Nilimpata chini kabisa ya shamba lao, karibu na mto, amejikunja katikati ya michai, sare imelowa. Alisema atakuwa akikaa pale kila siku mpaka wageni waje na waondoke. Alisema baba yake ameapa kwamba mtoto wa gredi ya nne asiyejua kusoma atarudishwa kukaa na wale wa chekechea, hata awe wa nani. Meno yake yalikuwa yakigongana. Mto nao ulikuwa umejaa, na alikuwa amechagua mahali palipo karibu nao mno. Nilimrudisha nyumbani, lakini darasani hakuja tena, na picha ile haikunitoka.

Jana nilimwendea Mzee Obwocha kwenye kituo cha kupimia majani chai. Nilimwomba tusogee kando, nikamweleza yote. Kwanza alicheka. Kisha akauliza kama nimekuja kumwita binti yake mwongo, au ni mimi niliyeshindwa na kazi na sasa natafuta pa kutua mzigo. Akanikumbusha kwamba aliyenipanda pale ni yeye na panga analo. Nyuma yetu mchumaji mmoja akasema kwa Ekegusii kwamba leo mwalimu wa Suneka amekanyaga siafu, na wenzake wakacheka. Mzee akasema mtu kushika kitabu na kutamka yaliyomo bila kukisoma ni jambo ambalo halijapata kuonekana. Nikasema mimi nimeliona. Akauliza wapi. Nikasema kwa mtu mzima, mwenye heshima, tena kanisani, miaka mingi. Akanitaka nitaje jina, la sivyo nisikanyage tena shuleni na mtoto aende chekechea asubuhi hiyo hiyo.

Dada, nilitaja jina la Mama.

Hili hatujawahi kulisema hata sisi wawili, lakini najua unajua. Kila Ijumaa kabla ya jua kutua, akichagua maharage, alitwambia tumsomee fungu la kesho kwa kuwa macho yake yamechoka. Macho hayo hayo yalitia uzi kwenye sindano bila taabu. Kesho yake alisimama mbele ya kanisa, Biblia wazi, akasoma bila kukosa, akigeuza ukurasa akiwa amechelewa kidogo tu. Ndiyo sababu nilimtambua Natasha upesi vile.

Mzee Obwocha akasema mwaka jana makambini, kwenye mikutano ya kanisa, alimsikia Orpah wa Suneka akisoma Isaya, na Amina ya kwanza ilikuwa yake. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini iliyoniuma kuliko ile ya juu: "Na nyinyi mabinti, na hivyo vidato vyenu, mlikuwa mnamtazama tu?"

Akasema Natasha hatasimama mbele ya wageni. Atamwambia Angwenyi watoto waimbe. Mimi niendelee kumfundisha, kwa Ekegusii au hata kwa lugha ya ndege, ila mlango wa stoo uwe wazi. Leo Natasha alikuja darasani. Alikaa mbele na hakuinua macho kunitazama. Nadhani ameambiwa kwamba nilimsema kwa baba yake, na habari za Mama pia.

Kwa hiyo mtoto nimemtoa, na mahali alipokuwa nimemweka mama yangu. Mzee aliniaga akisema makambi ya Agosti atamsalimu. Sijui atamsalimu vipi. Na wale wachumaji walikuwa na masikio.

Nataka Mama alisikie kutoka kwangu kabla halijamfikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Jumapili asubuhi nitakuwa Suneka. Nakuomba uache kuuza siku hiyo uje. Kusema nitasema mimi. Wewe kaa karibu naye, upande wa mlango, asije akatoka kabla sijamaliza. Nikimaliza nitamuuliza kama anataka nimfundishe. Akinifukuza, nitarudi Jumapili nyingine.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto kwa niaba yangu, na mtuombee sote, pamoja na Natasha.

Ni mimi mdogo wako,
Sharon