Nilichomjibu Doto Kuhusu Laptop Yake

Mtwara

Mayu, mama yangu,

Mwangaluka. Naomba barua hii ikukute umekaa, na ule mguu umepungua uvimbe. Mimi mwili ni mzima. Mama mdogo, wewe unayemsomea, soma pole pole, usiruke mstari hata ukikuuma.

Mayu, ile laptop ya marehemu pacha wangu Doto mliyonikabidhi baada ya msiba nilikuja nayo huku niitumie kazini. Ilikuwa nzito mno. Nikiiwasha, naenda kuchota maji na kurudi, bado inazunguka tu. Wiki iliyopita nikaipeleka kwa fundi, dada mmoja anaitwa Zainabu, nikamwomba anibadilishie prosesa, yaani kile kidude kinachoifanya mashine ifikiri.

Akaifungua, akatikisa kichwa. "Dada, prosesa ya hii imechomelewa kwenye bodi. Kuibadilisha ni kubadilisha bodi nzima, bora utafute mashine nyingine. Lakini nani kakwambia ugonjwa ni prosesa?"

Akanionyesha feni. Ilikuwa imeziba kwa vumbi la kwetu, lile jeusi la mbugani, na nyuzi za pamba zimejisokota humo humo.

"Inapata joto, inajipunguza mwendo yenyewe," akasema. "Na RAM yake ndogo."

Akasafisha, akaongeza hiyo RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, aliyoichomoa kwenye mashine mbovu. Chai niliyoagiza haikuwa imepoa. Ikawaka mara moja. Nikaanza kulia pale pale dukani, Zainabu akadhani ni furaha.

Mayu, Doto aliniuliza. Siku mbili kabla ya ajali alinipigia simu: "Kulwa, hii mashine inaganda kila nikijaza maombi ya kazi. Wewe uko mjini, niulizie kwa fundi kama kubadilisha prosesa kuna faida."

Nilikuwa nimechoka. Sikumuuliza mtu. Nikamjibu kama mjuzi: "Achana nayo, imeshazeeka hiyo. Nenda Bariadi ukajazie stationery."

"Haya, wabeja, ahsante. Ijumaa nitaenda." Hakunibishia, unamjua alivyokuwa.

Ijumaa ndiyo akapanda ile bodaboda kwenye mvua.

Pale msibani ulikuwa unarudia mbele ya watu, "Ni mimi niliyemtuma dawa ya pamba, ni mimi." Nilikuwa nimekaa ubavuni kwako, nimekushika mkono, nimenyamaza. Mayu, angekwenda hata usingemtuma. Ulimwambia habari ya dawa asubuhi ile akiwa tayari ameshavaa viatu. Safari niliipanga mimi. Duka la Zainabu liko njia ninayopita kila siku nikienda kazini. Ningeingia tu nikauliza, angeniambia ni vumbi, na Doto angelitoa mwenyewe kwa bisibisi, akajazia fomu zake chumbani kwake, mvua ikinyesha huko nje.

Sijui kama hilo linaitwa kosa. Ninachojua ni kwamba nimekuacha ubebe peke yako miezi yote hii, na mimi nikila chakula na kulala.

Ndani ya mashine nimekuta barua yake ya kuomba kazi ya ubwana shamba, kaimaliza vizuri kabisa. Nimeisoma mara moja, nikafunga. Siwezi kuitumia tena mashine hii. Baba akitaka irudi nyumbani Nkoma, nitairudisha.

Msalimie Baba. Mwambie nimeomba ruhusa kazini, nakuja kumweleza kwa mdomo wangu, asiambiwe na mwingine. Msalimie bibi, na shangazi wa Kimali aliyelala mlangoni kwako wiki nzima ya msiba. Mama mdogo, ahsante kwa kusoma mpaka hapa.

Mayu, nikishamweleza Baba, wakija tena watu kukupa pole, usiseme ulimtuma wewe. Waambie ilivyokuwa, na jina langu ulitaje.

Mwanao,
Kulwa