Mguu Wangu na Amplifaya ya Wati Mia Mbili

Jumatano, Ukonga. Mvua imekatika saa nane hivi, uani kote maji. Sina raha hata kidogo.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Shule niliishia darasa la nne, nikikosea herufi someni hivyo hivyo. Lakini kwenye gitaa, Dar nzima sijamwona wa kunisogelea. Nasema kwa sababu ni kweli.

Gitaa langu silo lile la kuning'iniza shingoni. Hili limesimama kama meza. Unakaa kwenye kiti, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unazidonoa. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali za kuvuta nyuzi, wa kulia uko kwenye pedali ya sauti. Aliniachia Mmarekani mmoja, fundi wa magreda, walipokuwa wanatengeneza barabara kwetu Tukuyu. Alinifundisha miezi minane, akarudi kwao, gitaa na amplifaya vikabaki kwangu.

Amplifaya yenyewe ni ya zamani, wati mia mbili, kuibeba wanaume wawili. Watu huniuliza, babu, wati zote hizo za nini kanisani? Hawajui. Hizo si za kelele, ni akiba. Ukidonoa uzi, sauti inaanza na nguvu halafu inafifia. Sasa wewe unaifuata kwa mguu wa kulia, unaongeza taratibu, taratibu, mpaka inakaa hewani kama mtu anayelia bila kuvuta pumzi. Amplifaya ndogo ikifika hapo inakoroma. Yangu haikoromi. Ila mguu ukikosea, umeifungulia yote kwa mkupuo.

Jumapili mguu ulikosea.

Jumamosi hii mjukuu wangu Neema anaolewa. Tangu ana miaka sita ananiambia, babu, siku yangu nitaingia na gitaa lako, sitaki kinanda. Basi Jumapili baada ya ibada tukafanya mazoezi. Neema kaanza kutembea kutoka mlangoni, mie nikadonoa uzi wa kwanza. Ulitoka mlio, Mungu wangu! Madirisha yalitetemeka. Watoto wakaangua kilio. Neema akaziba masikio akachuchumaa katikati ya kanisa. Nikajaribu tena, ikawa vile vile.

Na mie nikafanya nini? Nikasimama mbele ya kwaya nzima nikasema Fundi Shabani kaniharibia amplifaya.

Shabani ana karakana yake Buguruni, na ndiye anayeishika amplifaya yangu mwaka wa ishirini huu. Wiki iliyopita alibadilisha mbili kati ya zile taa za ndani zinazoipa nguvu. Nikasema huyu ni fundi wa pasi na redio za mbao. Nilisema na mengine, siyaandiki hapa. Alikuwepo, alikuja kunisaidia kubeba. Aliipakia kwenye bajaji akaondoka nayo.

Leo kairudisha. Kaiweka sebuleni, kaunganisha waya.

"Shikamoo mzee wangu. Nimeifungua yote mpaka mwisho. Ni nzima."

"Marahaba. Nzima ya wapi?"

"Kaa upige."

Nikakaa. Nilivyotaka kuweka mguu kwenye pedali ya sauti akaniwahi. "Huo acha, nitashika mie." Akachuchumaa, akaikandamiza pedali kwa kiganja. Nikapiga.

Jamani. Mwaka mzima sijaisikia ikilia namna ile. Binti yangu Tumaini alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama tu.

Shabani akaniambia nivue kiatu na soksi mguu wa kulia. Nikamwambia kwani wewe daktari? Akasema, "Siyo, mzee. Mie natafuta waya uliokatika tu." Nikavua. Akasema nifumbe macho, akinigusa niseme. Nikafumba. Nikangoja. Nikangoja mpaka nikapandwa na hasira.

"We Shabani, gusa basi, tusikae hapa mpaka magharibi!"

"Nimeshagusa mara tatu, mzee."

Kwa ncha ya bisibisi. Nilimwambia bisibisi yake butu.

Tumaini alipiga magoti kuuangalia mguu. Kati ya vidole kuna kidonda, wala sijui kimeingia lini. Zahanati waliniambia sukari iko juu tangu kabla ya Pasaka. Nikawajibu mie mtu wa Tukuyu, chai tumeanza kuinywa tuko tumboni. Wakacheka, nikacheka, dawa nikameza wiki mbili basi. Leo Tumaini hakucheka. Kasema kesho asubuhi kliniki, hata kwa kunibeba. Sijasema ndiyo. Sijakataa pia.

Shabani nilimwambia aende, nina usingizi. Usingizi wa saa kumi! Alikunja waya zake polepole, akasema, "Jumamosi ukinihitaji nipo. Kanisani nitaingia tu, mzee, kwani nimeanza leo?"

Tangu ameondoka najaribu peke yangu. Nikiiweka sauti chini bila kukanyaga, uzi unanyamaza kabla Neema hajapiga hatua mbili. Nikiutumia mguu wa kushoto, pedali za nyuzi zinabaki bila mtu. Nikiuangalia wa kulia ili niuongoze kwa macho, mikono inapotea njia. Miaka yote hii mguu huu haukuhitaji kuangaliwa.

Ni mguu wangu, na hauniambii chochote.

Jioni hii nimempigia Shabani. Nilitaka kumwambia samahani, kwamba Jumapili nilimvunjia heshima mbele za watu kwa kosa ambalo si lake. Akapokea. Nikamuuliza amplifaya inatumia fyuzi ya ngapi.

Fyuzi ya ngapi! Naijua kuliko jina langu.

"Ile ile, mzee," akasema. Hakukata simu. Nilimsikia ananingoja. Nikasema haya, asante, nikakata.

Kesho nikitoka huko kliniki nitampigia tena. Neno lenyewe likigoma kutoka, nitamwambia tu Jumamosi awahi kanisani, na aje na kigoda. Kwaya nzima itamwona kakaa chini kando ya mguu wangu, mkono kwenye pedali, na itaelewa yenyewe kilichokuwa kibovu ni nini.