Babu Yuko Uvunguni

Eufrazia shoga, hebu sikia ya leo.

Si uliniambia tujaze ritani ya kodi mapema, tusingoje siku ya mwisho mtandao ukwame? Basi nikamwita mdogo wangu kwa kelele: "Albano, njoo, watu wa kodi wanakutaka!"

Nikasahau amerithi jina la babu.

Babu akapotea. Babu huyu wa kutembelea fimbo! Tumezunguka nusu ya Chanika, tukaja kumkuta uvunguni mwa kitanda. Uvunguni! Ananong'ona, "Waambie nimeenda shamba."

Nikamwambia kodi ya kichwa ilishafutwa, siku hizi tunajaza kwenye simu, hakuna mgambo.

Akaniuliza, "Mbona Marselino hajarudi?"

Kaka yake. Mgambo walimchukua kijijini kwa kutolipa kodi hiyo, miaka michache baada ya Uhuru. Siku zote tunaambiwa siku ile alikuwa peke yake nyumbani.

Kumbe babu alikuwa uvunguni.